Kabla Hujamtumia Mama Roboti ya Kuongea Naye

Mwezi Mei 2020, corona ikiwa imefunga mipaka, Rwanda ilipokea roboti tano za kusaidia kwenye vituo vya wagonjwa. Zilipewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Zilipima joto la mwili, zikapeleka ujumbe, zikapunguza safari za daktari na muuguzi kwenye kitanda cha mgonjwa. Zilitoka kwa kampuni ya Ubelgiji iitwayo Zora Bots, na kampuni hiyo haikuanzia kwenye corona. Kabla ya hapo ilijulikana kwa roboti ndogo, Zora, iliyopelekwa kwenye nyumba za kutunzia wazee huko Ulaya ili iongee nao, icheze nao na kuwaongoza katika mazoezi ya viungo. Kwa hiyo mtu wa Kyerwa, mkoani Kagera, anayedhani kwamba roboti ya kukaa na wazee ni habari ya Japani na Marekani peke yake, ajue mashine za ukoo huo zimeshafika ng'ambo ya Mto Kagera.

Nawaandikia hasa ninyi mliozaliwa Karagwe na Kyerwa na sasa mnaishi Mwanza, Dar es Salaam, Kampala, Muscat au Toronto, huku mama au baba amebaki peke yake kwenye kibanja. Mna uchungu wa kweli, na wengi wenu mna pesa kidogo ya kuutuliza uchungu huo. Mnaona kwenye simu zenu picha za bibi wa Kijapani akimpapasa mnyama wa manyoya anayefumba macho, mnajiuliza kama kitu cha namna hiyo kingemfaa mama. Wengine wameanza na kitu chepesi zaidi: programu ya simu janja inayojibu kwa sauti, inayoweza kuzungumza usiku kucha bila kuchoka.

Jibu langu nalitoa mapema. Mashine isiwe kitu cha kwanza unachonunua. Na siku utakapotaka kuinunua, jiulize swali moja tu: kitu hiki kitamleta mtu mlangoni kwa mama, au kitawapa watu wote, ukiwemo wewe, sababu ya kutokwenda?

Tuzitendee haki mashine hizi kwanza, maana zipo zilizofanya mema. Mnyama huyo wa manyoya anaitwa Paro. Ni roboti yenye umbo la mtoto wa sili, mnyama wa baharini, iliyobuniwa na mhandisi Takanori Shibata wa Japani. Hujibu inapoguswa, hugeuza kichwa inapoitwa. Mwaka 2009 Marekani iliitambua kama kifaa cha tiba. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wazee 415 wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wazee waliopewa Paro waliongea nayo na kuitazama zaidi ya wale waliopewa mdoli wa manyoya wa umbo lile lile uliozimwa mitambo yake, na walionekana na furaha kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Lakini katika vipimo vingine tofauti kati ya Paro na mdoli ule ilikuwa ndogo. Paro moja huuzwa kwa dola zipatazo 6,000.

Jimbo la New York nalo, tangu mwaka 2022, limegawa zaidi ya mashine 800 za mezani zinazoitwa ElliQ kwa wazee wanaoishi peke yao. Mashine hiyo humsalimia mzee asubuhi, humkumbusha dawa, humuuliza amelalaje. Korea Kusini serikali za mitaa zimegawa midoli inayoongea iitwayo Hyodol kwa maelfu ya wazee. Huko hawakufanya hivyo kwa anasa. Vijana ni wachache, wazee ni wengi, na kuna mzee anayefia chumbani asijulikane kwa siku kadhaa. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwezi Juni 2025 likisema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Mtu akiwa katika hali hiyo, sitamlaumu anayempa mdoli.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Mwaka 2006 Robert Sparrow na Linda Sparrow wa Australia waliandika kwamba mzee anayefurahi kwa kuamini kuwa roboti inampenda, amedanganywa, na kumdanganya mtu wakati wa udhaifu wake ni kumvunjia heshima hata kama anatabasamu. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mtafiti James Wright alikaa katika nyumba ya wazee huko Japani akiangalia roboti zikijaribiwa, na kitabu chake cha mwaka 2023 kinaeleza jambo ambalo wauzaji hawalisemi: wafanyakazi waliongezewa kazi. Roboti ilihitaji mtu wa kuisukuma, kuisafisha, kuichaji, kuilinda isivunjwe, na kukaa karibu ili kumsaidia mzee aitumie. Muda ambao mfanyakazi angeutumia kukaa na mzee aliutumia kuhudumia mashine.

Sasa hamishieni jambo hilo Nkwenda au Kaisho, nyumba iliyo katikati ya migomba, yenye taa moja ya sola. Nani ataichaji? Nani ataiwasha upya ikizima? Na itaongea lugha gani? Mama anayeota kwa Kinyambo na kukemea kuku kwa Kinyambo hatapata faraja kwa sauti ya Kiingereza, wala kwa Kiswahili cha kitabuni.

Ila nina ugomvi zaidi na watu wa upande mwingine, wale wanaosema mjadala huu hautuhusu kwa sababu "sisi Waafrika tuna undugu." Kauli hiyo inapendeza mikutanoni na inaumiza vijijini. Undugu upo, sibishi. Lakini kila mmoja wetu anajua nyumba ambayo moshi hautoki hadi saa sita mchana kwa sababu bibi ameamka na homa na hakuna aliyejua. Anajua mzee ambaye watoto wake wote ni wasomi, simu inaita Krismasi na siku ya kugawa shamba. Anayejifariji kwa neno undugu hamsaidii mzee huyo kwa chochote. Afadhali yule anayeuliza kuhusu roboti. Huyo angalau ameshakiri kuwa kuna tatizo.

Kagera ina sababu zake za kuwa na wazee wapweke. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilizika kizazi cha kati. Mabibi na mababu waliotarajia kutunzwa na watoto wao waliwazika watoto hao, kisha wakaanza upya kulea wajukuu. Wengi wao wameshatangulia, na waliokuwa wajukuu sasa ni watu wazima walioondoka kutafuta maisha. Juu ya hapo, makazi yetu yametawanyika: kila nyumba imezama katika migomba na mibuni yake, na mgonjwa akipiga kelele usiku, anayesikia ni jirani mmoja au wawili. Mnyauko wa migomba umepunguza chakula na pombe katika vibanja vingi, na bila ndizi za kuiva na rubisi, pombe ya ndizi, ya kukaribishia wageni, watu hawana cha kuwakusanya barazani.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo ushauri wangu wote unapotoka. Upweke wa mzee wa kijijini mara nyingi huanzia mfukoni. Bibi hana sukari ya chai wala kahawa ya kutafuna ya kumpa mgeni, hivyo anaona haya mgeni akija, na mgeni akiiona haya hiyo anapunguza kuja. Hana mchango wa msiba, hivyo msibani anakaa nyuma au hafiki kabisa. Kwenye kikundi cha kufa na kuzikana jina lake linasomwa miongoni mwa wanaodaiwa, anaacha kuhudhuria, na akishaacha kuhudhuria hakuna anayegundua siku amelala kitandani. Hakuna aliyemfukuza. Amejiondoa mwenyewe taratibu kwa sababu mkono mtupu haulambwi, na yeye anajua.

Wilaya ya jirani, Muleba, ina ushahidi wa karibu. Pale Nshamba, tangu mwaka 2003, shirika la KwaWazee limekuwa likiwapa wazee maskini pensheni ndogo ya kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa wanaolea wajukuu. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilibeba kichwa kinachotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu vilivyonunuliwa kwa pesa ile. Fikiri kuhusu sabuni. Bibi mwenye sabuni anafua gauni lake la kanisani, na bibi mwenye gauni safi anakwenda kanisani. Wazee hao pia walijiunga katika vikundi vya kusaidiana, na pesa ikawa na watu wa kukaa nao.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako unayetuma pesa nyumbani: acha kutuma pesa ya chakula tu. Tuma pesa ya kushiriki. Piga simu kwa katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana cha kitongoji chenu, uliza mama anadaiwa kiasi gani, lipa deni lote, kisha lipa mwaka mzima mbele. Mwachie mama kiasi kidogo kila mwezi ambacho utamwambia waziwazi kuwa ni cha wageni na michango, asikipangie mboga wala dawa. Ukipata nafasi, ongea na viongozi wa jumuiya ndogondogo kama ni Mkatoliki, au wa mtaa wake kama ni wa KKKT, au na majirani wa msikitini, waombe mama awe katika zamu ya kupokea sala nyumbani kwake, na wewe utume kilo za sukari na majani ya chai ya siku hiyo. Watu kumi na tano wakikaa sebuleni kwake mara moja kwa mwezi, hata wale ambao hawakuja siku hiyo wanapata habari zake.

La pili halina mvuto, lakini nimeliona likipuuzwa kuliko yote: macho, masikio na miguu. Mzee asiyesikia vizuri huachwa nje ya mazungumzo, watu wanamwitikia kwa kichwa, na baada ya muda yeye mwenyewe anaona bora anyamaze. Wakati mwingine sikio limezibwa na nta tu, kitu ambacho muuguzi hukiondoa kwa dakika chache. Mtoto wa jicho humfunga bibi ndani kwa sababu anaogopa kujikwaa njiani, na upasuaji wake ni wa kawaida na hufanyika siku moja. Kabla hujafikiria kifaa chochote cha kuongea, mpeleke mama hospitali, iwe Nyakahanga, Isingiro au kwingineko, apimwe macho na masikio. Mtengenezee fimbo nzuri. Sawazisha njia ya kwenda chooni na ile ya kwenda kwa jirani. Mwekee jiko lisilojaza moshi jikoni.

Moshi nautaja kwa sababu ya jambo zito. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wako wazee, hasa wanawake, waliouawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yaliyotokana na miaka ya kupikia kuni yamewahi kuchukuliwa kuwa dalili. Bibi anayeishi peke yake, asiyehudhuria misiba, mwenye macho mekundu, yuko katika hatari inayozidi upweke. Sasa fikiria nyumbani kwake kumeingizwa kitu kidogo chenye macho yanayowaka, kinachoongea usiku wa manane. Wewe uliye Toronto umemtumia zawadi, lakini mpita njia amesikia sauti mbili katika nyumba ya mtu mmoja. Asiyeijua hofu hiyo haijui nchi yetu. Ndiyo maana nasema kila kifaa kigeni kinachoingia kwa mzee kifunguliwe hadharani, mchana, mbele ya majirani na mwenyekiti wa kitongoji, kishikwe na kila anayetaka kukishika, na watoto waeleweshwe kinavyofanya kazi.

La tatu ni jirani, na hapa naomba tufanye hesabu. Dola 6,000 za Paro ni zaidi ya shilingi milioni 14. Ukimlipa jirani mwaminifu shilingi 100,000 kila mwezi ili afike kwa mama asubuhi na jioni, amchotee maji, amwashie moto, akae naye nusu saa, milioni 14 zitakufikisha zaidi ya miaka 11. Na jirani huyo anajua mama alizaliwa katika familia ipi, anawajua marehemu wake, anaweza kubishana naye kuhusu mpaka wa shamba na kucheka kwa Kinyambo. Kuna wanaoona aibu kumlipa jirani, eti wema unanunuliwa. Mimi sioni aibu. Jirani naye ana watoto wa shule, na kibanja chake kinangoja palizi. Kumlipa ni kuheshimu muda wake. Mlipe kwa tarehe isiyobadilika, mbele ya ndugu mwingine, na umwambie mama kwamba unamlipa, asije akadhani amegeuka mzigo kwa watu au akasikia habari hizo kwa mtu mwingine kwa namna mbaya.

Ukiamua badala yake kumpeleka mjukuu akakae na bibi, kama ilivyo desturi yetu, angalia mtoto huyo asigeuzwe mtumishi. Shule iwe karibu, ada na daftari zitoke kwako, na awe na likizo za kurudi kwa wazazi wake. Mtoto mwenye kinyongo hawezi kumchangamsha mzee.

Simu sasa. Simu ya kitochi yenye vitufe vikubwa na betri inayokaa siku kadhaa bado inazishinda nyingine zote kwa mzee wa kijijini. Tatizo ni namna tunavyoitumia. Tunapiga tukiwa kwenye daladala, tunauliza afya, tunauliza kama pesa imefika kwa wakala, tunakata. Panga siku na saa, uishike kama miadi ya kazi. Mwambie mama kwamba Jumapili saa kumi jioni ni yake. Kisha usimhoji kama mgonjwa. Muulize mambo ambayo yeye ndiye anayeyajua. Muulize daraja la Kyaka lilipobomolewa katika vita ya mwaka 1978 walikimbilia wapi na walibeba nini. Muulize babu yake alisimulia nini kuhusu Bweranyange na watawala wa Karagwe. Muulize jinsi ya kukausha senene bila kuwaunguza, au ni mgomba upi unafaa kwa rubisi. Omba ruhusa umrekodi. Waweke wajukuu waliozaliwa mjini wamsalimie kwa Kinyambo hata kama wanakosea, awasahihishe. Mzee hahitaji kusikilizwa tu kwa huruma. Anahitaji kuona kuwa bado ana kitu ambacho mtu mwingine anakitaka.

Hili la mzee kuwa mtoaji limethibitishwa kwingine Afrika. Huko Zimbabwe, daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mitaani Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye msongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Malawi na Zanzibar. Bibi ndiye aliyekuwa tiba. Sioni sababu ya vituo vyetu vya afya Karagwe na Kyerwa kutojaribu kitu cha namna hiyo, na mabaraza ya wazee yana watu wa kutosha kuanzia.

Redio nayo msiisahau. Ni mashine, na imekaa na wazee wetu muda mrefu bila kumdanganya mtu kuwa ni binadamu. Redio ya sola inayoshika vizuri Radio Karagwe au Fadeco humpa mzee habari za vifo, bei za kahawa na sauti za watu wa kwao, na kesho yake ana la kumwambia jirani. Inampeleka kwa watu. Roboti nyingi zimetengenezwa zimbakishe mzee kwake.

Kama mama ameanza kusahau, akiuliza jambo lile lile mara nyingi au kupotea njia ya kisimani, hapo mambo yanabadilika na naomba msiende kwa mganga kwanza. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kuwa watu 6.4 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ni ugonjwa wa ubongo. Hajarogwa wala harogi mtu. Huko huko Hai baadaye walijaribu tiba ya kuwakusanya wazee wachache kwenye kikundi, wakaongea, wakaimba, wakakumbushana mambo ya zamani na kufanya kazi za mikono, na hali zao zikaboreka. Hilo linawezekana chini ya mti kule Rwambaizi bila umeme. Kwa mzee aliyefika mbali kwenye ugonjwa huu, aliyejaa hofu na asiyetulia, mdoli laini wa kupakata unaweza kumsaidia, na hapo sitakuwa na ukali. Lakini kumbuka lile jaribio la Australia: mdoli uliozimwa mitambo haukuachwa mbali sana na mashine ya mamilioni.

Baada ya yote hayo, huenda bado unataka kumletea mzazi wako mashine. Pengine anaishi Bukoba mjini penye umeme, ni mwalimu mstaafu anayependa vitu vipya, na ana hamu nayo. Sawa. Muulize yeye kwanza, wala usimshtukize. Mwambie waziwazi, na umrudie kumwambia, kwamba ni mashine na hakuna mtu ndani yake. Jua inapeleka wapi inachokisikia: mashine ya kuongea ina kinasa sauti, na mara nyingi kamera, na mama huongea mbele yake kuhusu ugonjwa wake, pesa zake na ugomvi wa ndugu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume ya kuisimamia. Muuzaji asiyeweza kukueleza sauti ya mama yako inahifadhiwa wapi, usinunue kwake. Usiunganishe mashine hiyo na laini yenye pesa zake za simu. Wazee wetu tayari wanasumbuliwa na matapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii," usiwafungulie mlango mwingine.

Fikiria pia siku ya kuachana. Marekani kulikuwa na roboti ya nyumbani iitwayo Jibo, iliyocheza na kuwaita watu wa nyumbani kwa majina. Mradi ulishindwa kibiashara, na mwaka 2019 roboti hizo zilianza kuwaambia wenye nazo kwamba mitambo inayoziendesha itazimwa, zikiwaaga. Wapo watu wazima waliohuzunika. Mama aliyezika mume na watoto hastahili kufiwa tena kwa sababu kampuni fulani imeishiwa mtaji. Kama mashine haiwezi kufanya kazi bila kampuni iliyoko ng'ambo, mwambie mama kuwa ni ya muda, kama ya kuazima.

Na weka sharti kwako mwenyewe. Andika mahali ni mara ngapi unampigia na ni mara ngapi unakwenda nyumbani sasa, kabla ya mashine. Baada ya miezi sita hesabu tena. Ukiona umepungua, iondoe mashine hiyo.

Serikali nayo isikae pembeni ikitazama watoto wakihangaika. Tumekuwa na Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni jamii wazee wote wenye miaka 70 na zaidi mwezi Aprili 2016, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza nani alikuwa mtumishi na nani mkulima. Bara bado haijawapa wazee wake wote kitu hicho, ingawa mkulima wa kahawa wa Karagwe alilipa ushuru wa zao lake maisha yake yote. Mbunge au diwani atakayekuja kuomba kura Omurushaka au Nkwenda aulizwe swali hilo kabla ya mengine, na wanaoliuliza wawe vijana, wazee wasiachiwe kujiombea wenyewe.

Basi fanya hivi wiki hii. Mpigie katibu wa kikundi ujue deni la mama. Mpigie jirani umuulize kama yuko tayari kumwangalia kwa malipo. Tafuta tarehe ya kumpeleka kliniki ya macho na masikio. Kisha mpigie mama mwenyewe, mwamkie, na umwambie siku na saa utakayokuwa unapiga kila wiki. Habari ya roboti ingoje hadi hayo manne yakamilike.